Swali la Nne

Kofi la kwanza lilikuwa la swali la nne.

Mama Kasuku alikuwa amepiga magoti nyuma ya binti yake, Jumapili alasiri, katika chumba chao cha ghorofani. Karatasi alikuwa ameilaza kitandani, na ndala ya kushoto ameishika mkononi. Mtoto alimpa mgongo, akichezea roli tupu za uzi. Mama akaita jina mara ya kwanza. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni, hata jirani wa chumba cha pili akaitikia kwa mzaha, "Abee." Mtoto hakugeuka. Ndipo kofi likatua shavu la kushoto, na mtoto wa miaka mitatu akalala ubavu pamoja na mnara wake wa roli.

Alilia kama alivyozoea kulia, mdomo wazi, sauti nzito isiyo na umbo. Mama alingoja amalize. Akamkalisha tena, akamgeuza tena mgongo, akaisogeza karatasi. *Je, mtoto wako hugeuka anapoitwa jina lake?* Herufi kubwa alizisoma mwenyewe, kwa kuwa shule alifika darasa la tano. Zile ndogo za juu ya ukurasa, zilizofifia kwa kurudufiwa mara nyingi, hakujihangaisha nazo. Nani aliwahi kusoma maandishi madogo ya karatasi ya ofisi akapata faida?

Karatasi hiyo ilitoka kiwandani, walikoshona magunia Mama Kasuku na wenzake. Zamani watoto walilala chini ya cherehani, juu ya magunia yenye kasoro, wakivuta vumbi la nyuzi na kukohoa pamoja na mama zao, na hakuna aliyeona ajabu. Kisha siku moja mkanda wa mashine ukala vidole viwili vya mtoto wa mtu, na kwa bahati mbaya ya kiwanda siku hiyo kulikuwa na wageni wanaonunua magunia. Wageni waliona damu. Baada ya miezi miwili kikafunguliwa chumba cha watoto, kimepakwa rangi ya samawati, na pamoja na chumba ikaja fomu ya maswali thelathini ya kujibiwa na mzazi: *Ndiyo*, *Mara chache*, *Bado*. Wageni walieleza kwamba ni ya kuwatambua mapema watoto wanaochelewa, wapate kusaidiwa.

Kiwanda kiliwatambua kweli. Mtoto aliyepata alama chini ya mstari aliandikwa "maalumu", na chumba hakikuwa na mlezi wa watoto maalumu, kwa hiyo alirudishwa nyumbani. Mama yake naye alirudi, maana mtoto hajilei. Kiti chake kilikaliwa na mwingine kabla hakijapoa. Nje ya geti, asubuhi hadi jioni, wanawake walikaa juu ya mawe wakingoja viti vya wenzao.

Basi hakuna aliyekiita kitu kile uchunguzi. Wanawake walikiita mtihani, na penye mtihani pana kukariri na pana kuibia. Fomu ya zamani ilizunguka kwa siri kutoka cherehani hadi cherehani, imekunjwa ndani ya kipande cha gunia, majibu yake yametiwa alama za chaki. Ilimfikia Mama Kasuku kutoka kwa Mama Pacha, aliyeshona mkabala naye na ambaye pacha wake walipita wote wawili.

"Mikono anayo," Mama Kasuku alimwambia siku aliyopokea. "Hapo wanapotaka apange vitu sita, yeye anapanga kumi na kimoja. Punje anatia kwenye chupa na kuzitoa. Mstari anachora. Shida ni hili la kugeuka, na yale ya kusema."

"Ya kusema, sema ana haya," Mama Pacha alijibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Mbele ya yule karani, Bibi Fomu, nani hana haya? Hata mimi ninazo, na watu wananijua mdomo wangu. Lakini la kugeuka atataka kuliona kwa macho yake. Hapo huponi."

"Lakini anasikia. Nikiangusha sufuria nyuma yake anageuka."

"Basi ni ukaidi. Mchape, mwenzangu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Yule wangu wa pili nilimchapa mpaka nikaogopa mkono wangu mwenyewe, na leo yuko ndani anakula uji wa kiwanda."

La sufuria halikuwa uongo. Alikuwa amelijaribu mara nyingi, kila hofu ilipompanda. Jina la Kasuku mtoto alipewa na bibi yake, kwa kuwa miezi ya kwanza aliropoka mchana kutwa kama aliyelipwa. Alipofika mwaka mmoja akashikwa na homa iliyomkaza shingo. Zahanati walimpa dawa ya homa, homa ikaondoka, na maneno yakaondoka nayo. Baba yake naye aliondoka msimu uleule kwenda kutafuta kazi, akaipata mbali, pamoja na mke mwingine. Majirani wakatania kwamba kasuku amemeza ulimi. Mama alicheka nao, halafu akienda chumbani anaangusha sufuria kwenye mbao za sakafu. Mtoto akigeuka, moyo wa mama unatulia. Anasikia. Anasikia anapotaka.

Kwa hiyo alipiga. Hakuwa mtu wa kupiga, na wiki ya kwanza alipiga kama anayeomba radhi. Wiki ya pili mkono ulizoea. Alirudi jioni mabega yakiwaka moto, akafunga mlango, akatandaza karatasi, akaita, akapiga. Alitumia ndala. Alitumia mwiko, ukavunjika. Siku moja, baada ya nyapara kumkumbusha mbele ya watu kwamba zamu ya fomu yake ni Jumatatu ijayo, alitumia waya wa pasi, na mistari ikainuka kwenye mapaja ya mtoto, myekundu na minene, akaiona, na bado akaita tena. Alijichukia. Lakini alikichukia zaidi kile kisogo kidogo kilichotulia mbele yake, ambacho kingeweza kuwaokoa wote wawili kwa kugeuka tu.

Ushindi ulikuja Alhamisi. Kwa uchovu alikuwa ameanza kupiga ndala kwenye sakafu kabla ya kuita, kama onyo. Pa, halafu jina, halafu kofi. Pa, jina, kofi. Alhamisi ile alipopiga sakafu, mtoto aligeuka mzima mzima, macho yamemtoka, mkono wa kushoto umekwisha panda kuziba shavu. Mama alirudia. Akageuka. Alirudia kwa kisigino, polepole, mtu wa mbali asingejua. Akageuka. Mama Kasuku alimkumbatia akalia kwa furaha, akamtia sukari mdomoni kwa kidole, akambusu ile mistari ya mapajani mmoja mmoja. Mtoto alikaa kimya akisubiri kupigwa.

Ofisi ya Bibi Fomu ilikuwa juu ya ghala la marobota, unapanda kwa ngazi ya mbao, na sakafu yake pia mbao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa ustawi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa gunia na rundo la fomu lisilopungua. Ili kuokoa muda, swali la mwisho, *Je, una wasiwasi wowote kuhusu mtoto wako?*, alikuwa ameshalijaza kwenye rundo zima kwa kalamu moja: Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Kasuku alipanga roli kumi. Alitia punje na kuzitoa. Bibi Fomu akaridhika.

"La nne. Mgeuze, umwite."

Mama akaita, na kisigino kikagusa ubao. Mtoto akageuka kwa kasi iliyomfanya karani acheke.

"Huyu hata kabla hujamaliza kuita. Na mbona anashika shavu?"

"Jino."

"Pole yake. Anasema maneno mawili mawili?"

"Anasema sana, ila ana haya."

"Wote wana haya wakiniona, sijui nina nini." Akaweka alama kwenye *Ndiyo*, na nyingine, na nyingine, akasogeza kidau cha wino. Hapo kila mtu aliweka dole gumba, ajue kuandika asijue. Kisha akabandua nyota ya karatasi, akambandika mtoto katikati ya paji la uso.

Kwa miezi karibu mitano Mama Kasuku alishona kwa amani. Mtoto alirudi na uvimbe, mama akaambiwa ameanguka. Alirudi na jino limekatika, akaambiwa amesukumwa na mwenzake. Watoto thelathini na tisa na mlezi mmoja, mtu angetarajia nini? Mlezi huyo watoto walifundishwa kumwita Shangazi. Alikuwa na nyonga mbovu na sauti ya kukata mbao, na wazazi walimsifu kwamba kwake hakuna fujo.

Siku umeme ulipokatika saa tano asubuhi, cherehani zote zikanyamaza kwa pamoja, na Mama Kasuku akatumia nafasi hiyo kwenda kumchungulia mwanawe kwenye dirisha la nyavu. Chumba kilikuwa cha saruji, kimetandikwa magodoro membamba ya sponji. Watoto walikuwa wanaitwa wakae mstari. Kasuku alikuwa pembeni, ameelekea ukuta, anapanga roli zake.

"We Kasuku," Shangazi aliita. "Kasuku. Nakuita mara ya mwisho."

Hakungoja jibu. Alimfuata akichechemea, mkononi ana kipande cha mpira wa maji, akampiga nacho kutoka nyuma, sikioni. Mtoto aliruka kama aliyeangukiwa na dari. Mpira ulishuka tena, shingoni, na tena, halafu Shangazi akalishika sikio lilelile akamburuta nalo kuelekea kwenye mstari, miguu ikichora kwenye sponji. Watoto wengine walitazama mbele. Wote walikuwa wamejifunza kutazama mbele.

Mama Kasuku hakukumbuka alivyoingia. Alikumbuka mpira ukiwa mkononi mwake na ukimkata Shangazi mdomo, na tena begani, na yule mwanamke akirudi nyuma mpaka ukutani, bila kupiga kelele.

"Nipige," Shangazi alisema, damu ikimtiririka kidevuni. "Nipige vizuri. Kisha niambie nilifanyeje toto kaidi. Kila siku namwita, kila siku ananidharau. Nilikwenda juu nikaomba fomu yake, nikafikiri labda hasikii. Fomu inasema anasikia. Dole lako lile pale. Basi kama anasikia na haji, hilo linaitwa nini kama si ukaidi?"

"Umempasua sikio mwanangu."

"Sikio nimepasua mimi. Na yale mapaja?" Alijifuta kwa kanga. "Alikuja nayo. Nikiinua mkono tu, anakimbilia kupanga roli, haraka haraka, huku anatetemeka. Hilo sikumfundisha mimi, Mama Kasuku. Mimi nimemkuta hivyo."

Neno lile lilimwingia kwa kuwa lilikuwa kweli, na alilijua. Mkono wake ukashuka. Mtoto alikuwa amerudi pembeni, damu inadondoka kutoka sikioni hadi kwenye gauni, na alikuwa anapanga. Roli tano. Sita. Mama akasimama nyuma yake, hatua tatu, akaita.

"Kasuku."

Akapiga kisigino kwenye saruji. Kisigino kikauma. Roli ya saba ikapanda juu ya sita.

Akapiga makofi. Akapiga tena, mpaka viganja vikawaka. Roli ya nane. Akaokota sufuria ya uji, akaiinua juu ya kichwa chake akaigonga kwa upawa, akaita jina la mwanawe kwa nguvu zote alizokuwa nazo, sauti ikapasuka, na kwenye mstari vichwa thelathini na vinane vikageuka kumtazama.

Kimoja hakikugeuka.

Akawaza mbao za sakafu ya chumbani kwake. Akawaza jinsi zinavyotikisika mtu akipita tu. Pa, jina, kofi. Alikuwa amempiga mtoto wiki tatu ili asikie, na mtoto, kwa akili yake yote, alikuwa amejifunza kusoma miguu. Aliketi pale pale kwenye sponji, sufuria mapajani, akatamani mtu ampige yeye.

Shangazi naye alikuwa ameona. Alitema damu kwenye pindo la kanga, akaenda kufunga mlango, akarudi akasimama mbele yake.

"Mama Kasuku," alisema taratibu. "Mimi sijaona kitu. Sikiliza nakuambia. Mdomo wangu umegonga mlango, na mimi sijaona kitu."

Ilikuwa ni huruma, na huruma kubwa kuliko zote ambazo kiwanda kile kilikuwa nazo. Mama Kasuku alimbeba mtoto akatoka.

Uani nyapara alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, anatazama taa. "Umeme ukirudi nikute watu wamekaa," alisema. Aliliona sikio. Akaitazama saa yake. "Kiti kinapoa, Mama Kasuku."

Mama Kasuku alipanda ngazi ya mbao.

"Nataka kubadilisha jibu," alimwambia Bibi Fomu.

"Jibu gani, mama? Na huyu kafanya nini?"

"La nne. Mwanangu hasikii. Hajasikia tangu ile homa. Niandikie Bado, apelekwe wanakotibu masikio."

Bibi Fomu alivua miwani. Akaifuta, akaivaa, akamtazama mtoto, kisha akaitafuta fomu ya Kasuku kwenye faili akaiweka mezani. Ilikuwa safi, haijarudufiwa mara nyingi kama ile ya gunia. Maandishi madogo ya juu yalisomeka. Alipoona mwenzake anayakodolea macho, akamsomea, kwa upole, kama anayemsomea mgonjwa barua.

"'Mzazi mpendwa, fomu hii si mtihani. Hakuna jibu la kufaulu wala la kufeli. Kila jibu la kweli litamsaidia mtoto wako.'"

"Yalikuwepo hapo?"

"Siku zote yapo hapo."

"Basi andika."

"Mama, nikiandika Bado, leo hii anatoka kwenye kile chumba. Hilo moja. La pili, hapa una dole gumba linalosema Ndiyo, na nilimwona akigeuka kwa macho yangu. Wataita udanganyifu, na mdanganyifu hatoki na barua ya kazi. Kiwanda kingine hakikupokei."

"Na huo msaada? Wageni walisema kuna msaada."

"Upo." Bibi Fomu alivuta droo ya chini. Ilikuwa imejaa barua za kupeleka watoto hospitali, zimechapwa vizuri, kila moja na jina la mtoto, na pale pa sahihi ya meneja peupe. Za juu zilikuwa na vumbi. "Hizi ni za mwaka wa kwanza. Nilipoziandika nilikuwa bado mgeni hapa. Kila miezi sita wageni wanataka hesabu ya watoto waliochelewa. Tukisema mmoja, watauliza tumemfanyia nini. Kwa hiyo ni sifuri. Toka chumba kifunguliwe ni sifuri, na kuna cheti ukutani kule chini." Akaisukuma droo kwa goti ikafunga. "Nina watoto na mimi."

Dirisha la ofisi lilitazama geti. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mawe yao, mmoja ananyonyesha. Chini, cherehani zikaanza kuunguruma, moja, kisha zote, na sakafu ya mbao ikaanza kutetemeka kidogo. Mtoto alihisi, akainua kichwa.

"Umeme huo," alisema Bibi Fomu. "Nikufanyie jambo moja. Fomu za miezi sita zimeshaletwa. Nianze na wewe, dakika tano, ushuke kabla nyapara hajapita. Sikio tutaandika ameanguka."

Alitoa karatasi mpya juu ya rundo. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wino ulikuwa umekwisha kauka: Hakuna.

Mtoto aliiona karatasi. Aliteleza kutoka kiunoni mwa mama yake, akatembea mwenyewe hadi katikati ya chumba, akakaa chini, akampa mama mgongo. Akatoa roli mfukoni mwa gauni lenye damu, akaanza kupanga, mkono wa kulia ukipanga, wa kushoto umeziba shavu.

"Huyu ana akili sana," alisema Bibi Fomu, na kalamu yake ikapita swali la kwanza, la pili, la tatu. "Haya. Mwite."

Mama Kasuku aliita. Sauti ilitoka kama pumzi. Kisogo kilitulia. Tone la damu lilishuka nyuma ya sikio likaingia kwenye ukosi wa gauni, na roli ya nne ikapanda juu ya tatu.

"Mwite vizuri, mama. Nyapara yuko ngazini."

Mama Kasuku akainua kisigino.